Majina Kumi na Mawili

Mwalimu Mihambo amenipa daftari na kalamu,
kasema: "Goti lako halikimbii, basi akili ikimbie.
Andika timu. Majina kumi na mawili.
Treni tumelipiwa viti kumi na vitatu,
na kimoja ni changu."

Naandika nikiwa kwenye ngazi za bwalo.
Oktoba ya Tabora: jua limeegemea ukuta
kama mdai asiyetaka kuondoka.
Uwanja wetu una ufa kutoka mstari wa kati
hadi ringi ya kusini,
na ringi ya kusini imeinama kidogo, inaamkia.
Wageni hukosa pale. Sisi tumeizoea adabu yake.

Nianze na pengo.
Nsumba hayupo. Amehitimu, kapangiwa shule Kaliua,
anafundisha darasa la pili, huinama kupita mlangoni.
Ribaundi kumi na nne za kila mechi
ziliondoka na sanduku moja la bati.
Kwenye nafasi yake niliandika: hakuna.
Mwalimu akafuta, akaandika: Wande.

Wande ni wa mwaka wa kwanza, katoka Sikonge,
baba yake hutundika mizinga porini.
Mpira ukigonga ubao wenzake huruka mara mbili;
yeye hungoja, kisha hunyoosha mkono
kama anayetoa sega bila kuwaudhi wenyewe.
Kasoro: akimgonga mtu huomba radhi.
Tunamfundisha kuacha.

Milembe, nahodha. Kutupa kwa mbali, thelathini kwa mia,
na hiyo ni siku njema. Lakini mdomo wake
peke yake hulinda nusu ya uwanja.

Holo wa Urambo: mitupo huru mia kila alfajiri, kabla ya uji.
Huihesabu kwa Kinyamwezi,
maana ringi, anasema, haijui Kiswahili.

Doto. Hapa niandike polepole.
Kulwa wake amechaguliwa chuo cha Shinyanga,
atavaa jezi yao, na ndio tutakaoanza nao.
Milembe anafurahi: "Tunamjua adui hadi alivyonyonya!
Huingia kushoto, huchoka robo ya nne."
Doto alikuwa anafunga kamba za viatu.
"Na yeye," akasema, "ananijua mimi."
Jana usiku nilimsikia kwenye simu, chini ya shuka:
"Sisi hatujapata jezi. Nyie je?"

Hilali wa duka la mkabala wa geti ameshapiga ramli:
hatuvuki makundi.
Mwaka jana alisema hivyo hivyo, tukafika nusu fainali,
tukafungwa kwa pointi moja.
Zilibaki sekunde tatu, mpira ulikuwa mikononi mwangu.
Niliruka vizuri. Kushuka ndiko sikujua.

Basi ubashiri wangu, ukiulizwa:
mechi nne tutashinda. Tano, viatu vya Wande vikipatikana,
namba arobaini na nne, ambavyo soko zima halina.
Mipira minne tunayo; mmoja unavuja,
huo tunaupasiana haraka.

Majina kumi na moja yamekaa.
Limebaki moja, nalo ni kati ya watu wawili.

Sikudhani wa Isevya,
miezi mitatu, vikapu viwili,
kimoja aliegemewa na bahati.
Lakini kila jioni tukifika tunakuta uwanja umefagiliwa
na ufa umemwagiwa mchanga, ukashindiliwa,
tangu siku ile mimi nilipouingiza mguu nikiwa na magongo.
Hajawahi kusema ni yeye. Ufagio ndio uliosema.

Wa pili ni mimi.
Daktari kasema Februari; mashindano ni Januari.
Leo nimepanda ngazi hizi saba bila kushika ukuta.
Sijamwambia mtu.

Nimeandika S.
Kalamu imesimama hapo.
Kule uwanjani Holo anatupa, hesabu yake imefika sabini na kitu,
na Sikudhani anamwokotea mipira.

"Umemaliza?" Mwalimu anauliza dirishani.

"Bado," namwambia. "Kuna jina silijui linavyoandikwa."