Ngazi ya Nne

Mcheza kwao hutunzwa, walisema.
Mimi nachezea Sheffield, ndani ya karakana
ambamo zamani waliyeyusha chuma,
na hutunzwa pauni kumi na nne kwa saa
kabla ya kodi.

Hunivisha suti nyeusi ya kubana,
kwa umri huu, kwa nyonga hizi!
Hunibandika vigololi vinavyong'aa
begani, kiwikoni, gotini,
kamera ishirini na nne zikanikodolea macho.
"Okota taulo," asema Gethin. Naokota.
"Tena." Naokota.
"Sasa okota kama vile hatukuangalii."
Hapo ndipo penye kazi.

Kuinama kulitugombanisha.
Mimi huinama toka kiunoni, miguu imenyooka,
kama mtu aliyefagia uwanja kabla ya kwenda shule.
Akasema mota za mgongo zitaungua,
nikunje magoti.
Nikakunja. La kushoto likalia ka!
Nalo likaingia kwenye kompyuta.

Miezi mitatu hivyo. Nje mvua, tramu ikipanda kilima.

Leo wameniita nikione.
Kirefu kunipita, hakina uso, nyaya shingoni.
Kikashuka ngazi za mbao, zile zangu, saba,
na kwenye ya nne kikasita.
Kidogo tu. Kama mtu anayehesabu maumivu
kabla ya kuyalipa.
Wote wakanigeukia.
Sikujua kwamba mimi husita.
Marehemu mume wangu, miaka kumi na tisa,
hakuwahi kuniambia.

Kisha akachukua kikombe
(samahani, kikachukua),
kikampa Gethin kwa mkono wa kulia,
wa kushoto umeshika kiwiko.
"Hii ya nini?" Kalamu tayari.
Nikaitafutia Kiingereza chake, sikukipata chote.
Nikasema, heshima.
Akaandika. Akasema ngazi watairekebisha;
kikombe, watafikiria:
mkono wa pili unakula umeme bure.

Nikavua suti, nikavaa koti langu.
Kwenye tramu kondakta akataka nauli.
Nikampa, na kwa mara ya kwanza
nikajiona nikimpa:
huu wa kulia, na ule pale kwenye kiwiko,
umekaa kimya kama mtoto aliyefundwa.

Nyumbani kwangu ngazi ni kumi na tatu.
Kwenye ya nne nilijikaza nipite tu.
Nikasita.