Ua la Saa Saba Mchana

Riwaya yangu ya kwanza iliuzwa shilingi mia nne,
chini, juu ya gunia, pembezoni mwa Mtaa wa Samora,
kati ya kamusi isiyo na jalada na vitabu vya hesabu.
Jalada langu: bastola, sketi nyekundu, damu iliyozidi kipimo.
Ndani hamkuwa na bastola. Mchoraji hakuisoma.

Leo Gwakisa anataka kuigeuza filamu.
Ana kamera ya kuazima, jenereta,
na nyumba ya shangazi yake Upanga, yenye roshani;
marehemu wangu alifia kwenye roshani.
"Sumu ni mnanaha," anasema, "basi mnanaha uonekane."
Kijana wa mapambo akarudi kutoka Kariakoo
na shada la plastiki, karatasi ya bei ingali inaning'inia.

Tukampigia Chausiku.

Chausiku huchora mimea huko Mlimani,
katika chumba chenye harufu ya nafthalini,
ambamo majani yaliyokufa kabla sijazaliwa
yamebandikwa, yana namba kama mahabusu.
Huhesabu vinyweleo vya shina kwa lenzi.
Aweza kukaa siku nne na unyasi mmoja
asimwambie mtu kuwa ni mzuri.

Alikuja na mnanaha wa kweli, ameung'oa kando ya reli, Buguruni,
umeviringwa gazeti lililoloweshwa.
Akaomba kitabu. Akasoma huku akichonga penseli.
Ukurasa wa tisini na moja, kiwembe kikasimama.

"Huyu karani wako, Hizza,
anamwambia hakimu alimwona mtunza bustani
akichuma ua jeupe, limefunguka kama tarumbeta,
saa saba mchana."
"Ndiyo."
"Ua la mnanaha hufunguka jua likizama.
Saa saba huwa limelegea kama soksi.
Labda siku ya mawingu."

Nikatazama. Nilikuwa nimeandika, mimi mwenyewe,
*jua la utosi.*

"Basi ua hilo aliliona usiku," akasema.
"Muulize alifuata nini."
Akarudi kwenye penseli yake.

Miaka ishirini na miwili
Mzee Limbu yumo Ukonga, ukurasa wa mwisho,
anakunja blanketi. Nilimfunga mimi.
Wasomaji waliniandikia barua za pongezi:
hatukumdhania kabisa!
Kumbe hata mimi.

Gwakisa alishika kichwa. Waigizaji wamelipwa nusu,
anayeigiza Hizza ana sura ya mtu mwema,
jenereta inadaiwa kwa saa.
"Tuache tu. Nani atajua?"
Chausiku hakujibu. Alikuwa kwenye tunda,
mwiba mmoja mmoja.

Ukumbini Kijitonyama, feni moja, viti vya harusi.
Hizza anakula kiapo. Nyuma yake, ukutani mwa mahakama,
Gwakisa ametundika mchoro: ua lililofumba,
na pembeni, kwa mwandiko mwembamba,
*saa 7 mchana.* Sekunde tatu, labda nne.
Watu wanatafuna bisi.
Ila mbele yangu mama mmoja, aliyekuja na chupa yake ya chai,
akasonya: "Muongo huyo."
"Umejuaje?" jirani yake akauliza.
"Si uangalie ua."

Nilitoka kabla ya hukumu.