Kwa Karani Atakayenipokea

Funguo za kabati zimo kwenye kopo la majani ya chai.
Mhuri upulizie pumzi kwanza, wino huganda kwa baridi.
Hayo utayazoea. Hapa Tukuyu mvua hainyeshi, inahamia.

Siku ya uchunguzi wa kifo fika mapema,
usogeze benchi la nje, pale bati linapovuja.
Wafiwa huja na gari la kwanza, wametoka Kandete gizani,
viatu vya heshima wamevibeba kwenye mfuko.
Shauri likiahirishwa, usingoje saa nane kuwaambia.
Nauli ile ni mkungu wa ndizi ulioshushwa haujakomaa.

Faili litasema: mwili, mwanaume, miaka ishirini na mitatu.
Wewe sema Lusekelo.

Mwaka ule wa boila la kiwanda cha chai
mama yake, Subilaga, alipandishwa kizimbani
kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kumsimamisha.
Akashika mbao kwa mikono miwili, akauliza:
"Mnanishtaki nini?"
Hakuna aliyemjibu.
Mimi nilikuwa nachonga penseli.

Tangu hapo kuna kiti. Nilikitoa nyumbani,
mguu mmoja nimeutilia kipande cha ndala.
Wasikirudishe stoo.

Picha zikitaka kutolewa, mnong'oneze kabla, siyo baada.
Daktari akizama kwenye maneno ya kitabuni
kohoa, umwombe arudie
kwa Kiswahili cha watu wanaovuta hewa.
Na sweta, hata likipigwa namba ya kielelezo, ni sweta:
kuna mtu alilifuma, akahesabu vitanzi.
Lirudishe limekunjwa.
Siyo kwenye mfuko mweusi, kama tulivyofanya.

Fomu ina mstari wa saa, wa mahali, wa chanzo.
Subilaga alikuwa na swali lisilo na mstari:
"Aliita?"

Hakimu akafunua karatasi, akazifunika.
Ndipo Asegelile, waliyekuwa naye zamu moja,
akainuka kule nyuma bila kuitwa, kofia mkononi:
"Aliita, mama. Nilimwitikia."

Uamuzi haukubadilika hata nukta.
Ila mama yule, aliyekaa ukingoni mwa kiti tangu asubuhi,
aliegemea.

Nililiandika pembeni, kwa penseli. Bado lipo, utaliona.
Kwa hiyo ukipiga mistari kwenye daftari jipya
acha pembezoni pana.