Re dhidi ya Re

Gazeti lilifika limefungiwa sabuni,
kiangazi cha mwaka hamsini na sita.
Mjomba Baruani alilitoa bandarini, kwenye gati la Wabelgiji,
akalifunikia ndoo ya mawese,
na mawese, kama kawaida yake, hayakuomba ruhusa.

Ndivyo nilivyoiona Ulaya ikicheza mpira:
upande huu kipa amejirusha kwenye kona ya goli,
upande wa pili tangazo la cherehani,
mafuta yamepenya, yamewakutanisha.
Kipa yule anadaka cherehani mpaka leo.

Sifa, aliyesomeshwa na masista wa Albertville, ndiye aliyetusomea.
Timu kumi na sita, alisema. Zinatoana.
Mara moja kwako, mara moja kwangu, magoli yanajumlishwa,
aliyepungukiwa anarudi kwao kulima.
(Kulima aliongeza mwenyewe.)
Wanagombea nini?
Kikombe.
Tukacheka hadi Nzobonaliba akakaa chini:
wanaume wazima, wenye viatu, wanavuka nchi za watu
kwa ajili ya kikombe!
Na chai je, nani anatia?

Zilikuwa zimebaki timu mbili.
Majina yao yote mawili yalianza na Re,
na baada ya Re palikuwa na mafuta tu.
Sifa akaliinua gazeti juani, akaligeuza, akalinusa.
Re, alisema.
Na Re.

Basi sisi wa Mwanga tukawa Re.
Vijana wa Ujiji, tulipowafikishia habari,
wakakataa kuwa kitu kingine chochote.
Mpira ulikuwa majani makavu ya mgomba ndani ya soksi ya mjomba.
Kikombe kilikuwa cha bati, cha buluu, kimemenyeka mdomoni.

Kwao tulifungwa mbili kwa moja.
Tulirudi kwa miguu, nyayo zinawaka,
hakuna aliyefungua kinywa hadi tulipoiona stesheni.

Kwetu, mwamuzi alikuwa Bwana Ferdinandi wa reli
na bendera zake za kazi:
kijani, endeleeni; nyekundu, mmeshauana.
Tuko mbele mbili bila,
gari la moshi la Tabora likapiga honi,
siku hiyo, kati ya siku zote, limewahi.
Ferdinandi akatimka na sheria zote mbili mkononi.
Katika dakika zile zisizo na bendera
Kasongo wa Ujiji akafunga,
kwa goti, au kwa kiwiko, au kwa kudra ya Mungu.

Tatu kwa tatu.
Gazeti halikusema la kufanya.
Mjomba akatoa senti kumi, ile yenye tundu:
huku taji, huku pembe za ndovu.
Tukashuka wote hadi gatini,
pasiwe kwetu wala kwao.
Ikapaa. Nakumbuka jua lilivyochungulia kwenye tundu lake.
Ikagonga ubao mara moja,
ikasimama wima, ikafikiri,
ikapita katikati ya mbao mbili.
Ziwa likaimeza bila hata kucheua.

Kikombe alikichukua Sifa.
Alipimia dagaa sokoni miaka kumi na mmoja,
Re huyu na Re yule akiwarundikia kilima kilekile.

Juzi mjukuu wangu Kiza akashika simu:
babu, nakutafutia sasa hivi, Re ipi ilichukua.
Nikamwambia, anza na ile senti.
Kidole chake kikabaki hewani, juu ya kioo.

Nzobonaliba aliolea Ujiji, akahamia huko.
Siku hizi, misibani, anawaambia watu ilikuwa pembe.
Uongo.
Mimi nilisimama karibu na ule ubao kuliko yeye.
Mlio wa taji na mlio wa pembe si mmoja.