Chuma cha Kengele

Waliniita Jumanne kutoka Isevya,
mashine ya kuchomelea nimeifunga nyuma ya baiskeli.
Kengele imelegea, alisema katekista Mlagala,
Jumapili iligonga mara mbili ikabaki upande
kama mtu aliyesahau neno.

Nikapanda. Popo, na mavi ya popo.
Boriti ni mninga, mchwa hawajaigusa.
Lakini kilichoishika kengele
si bolti wala ndoano ya kiwandani:
ni pete mbili nene, zimefuliwa kwa nyundo,
kati yake kipande cha chuma, urefu wa shibiri.

Mimi ni fundi. Chuma huniambia kilikuwa nani.
Hiki hakikuzaliwa kubeba kengele.
Ndani ya pete kumelainika, kumeng'aa,
na si kwa kamba: kamba hula upande mmoja.
Hapa pameliwa pande zote.

Nikajaribu ngumi. Ikakataa.
Nikajaribu vidole vinne.

Chini, Mlagala alinifungulia daftari la kwanza,
karatasi rangi ya chai ya rangi.
Waliokombolewa, limeandikwa juu,
halafu Anselmi, Skolastika, Bonaventura,
na pembeni, kwa wino uleule:
doti tatu.
Doti mbili na waya wa shaba.
Doti moja, mgonjwa.
Penye jina la zamani kuna kistari,
kistari, kistari, hadi chini ya ukurasa.

"Si waliwakomboa?" aliniuliza,
na hakuwa akiniuliza mimi.
Nilikumbuka redio ya marehemu baba,
ilivyokaa rehani kwa Mwarabu wa Gongoni
miezi minne.
Tulipoikomboa, ilikuwa yetu.

Mama Perpetua wa kamati ya fedha
alisema hivyo vya zamani viende kwa wa chakavu,
kilo ni mia saba.
Nikalipa mia saba. Akaniandikia risiti.

Jumapili kengele ililia vizuri kwenye ndoano mpya,
nikasikia nikiwa kitandani.

Jioni Nyamizi, mwanangu wa miaka sita,
alifukua sanduku la vifaa:
"Baba, bangili!"
Na mkono ulikuwa umeshaingia.
Kuingia, pete ilikubali upesi.
Kutoka ilitaka sabuni, na maji, na mama yake,
na mimi nimepiga magoti kwenye saruji
nikimwambia usilie, usilie,
naye hakuwa analia.