Mwaka wa Kwenye Kadi

Mwasomola anachora vumbini kwa ncha ya bisibisi:
themanini na tatu, themanini na nane, tisini na mbili.
Pikapu tatu, yadi moja ya Uyole,
na mimi na fedha za viazi nimezifunga kiunoni,
zinanichoma kama mtoto mwenye homa.

"Chagua mwaka, Tumpe. Rangi utapaka mwenyewe."

Ya themanini na tatu ina gia nne
na taa mbili za duara, kama mtu aliyeitwa ghafla.
Haina cha kuharibika, anasema, kwa sababu haina kitu.
Ukizama unashuka, unakunja kitenge,
unazungusha hubu kwa mkono, kushoto, kisha kulia,
ndipo magurudumu ya mbele yakumbuke
kwamba nayo ni miguu.
Niliipenda, sifichi.
Mwaka ule tulipanga foleni ya sabuni pale ushirika,
mama akaukata mche mmoja vipande sita kwa uzi.
Lakini chesisi imeungwa mara mbili nyuma ya kabini,
na ukiinua zulia la dereva
unaona ardhi ya Mungu.

Ya tisini na mbili, wanaapa,
hupanda Isyonje na lumbesa kumi na tano mgongoni,
gia ya tatu, dereva anatafuna muhindi.
Bei yake nayo imepanda hukohuko
na haijashuka.

Ikabaki moja.
"Huu ndio mwaka," Mwasomola ananong'ona,
dalali Kihwelo asisikie akaongeza.
"Gia tano, na bati bado la wale wa zamani.
Ukigonga linaitika."
Anautaja themanini na nane
kama watu wanavyoutaja mwaka wa mvua nzuri.
Mimi mwaka huo nilimzaa Gwantwa Jumatatu,
Ijumaa nikamzika baba.
Sikumwambia. Chuma kina kalenda yake.

Kihwelo akazungusha ufunguo. Nusu tu, ikaitika,
laini, kama inayosubiri kutajwa.
Saa moja asubuhi, Juni,
midomo yetu wote inatoa moshi.
Nikaweka kiganja juu ya boneti.

Vuguvugu.
Kama jiko lililokwisha kupika uji wa mtu mwingine.

"Nani kaiamsha kabla yangu?"
Kihwelo akautazama Mlima Loleza
kana kwamba jibu lingeteremka kutoka huko.

"Izime. Nitarudi kesho kabla jogoo wako hajajinyoosha,
na nitaigusa mimi kwanza."

Mwasomola alikuwa amekwisha kuingia chini, miguu tu nje,
akisugua namba kwa kitambaa cha dizeli.
Injini ni ya themanini na tano.
Difu ilikuwa ya gari la misheni.
Mlango wa kushoto hakuna anayejua,
ila ndani una maandishi: *Usibamize.*
Themanini na nane, mwaka ule bora,
uko kwenye kadi peke yake,
na kadi haipandi Kikondo.

Kesho yake sakitu ilikuwa imelala juu ya kabichi,
nyeupe, hadi barabarani.
Boneti iliuma vidole. Vizuri.
Ufunguo: ikakohoa.
Ufunguo: ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza.
Kihwelo akafungua kinywa, nikamwonyesha kiganja.
Ufunguo,
ikatetemeka yote, mpaka kioo cha pembeni kikacheza,
ikasimama kwenye sauti yake
na kuku wa jirani wakakimbia.

Mara tatu si aibu.
Hata mimi Juni huamka mara tatu.

Nikafungua kitenge, nikahesabu juu ya boneti,
noti kwa noti, zikianza kupata joto.
Nikabakiza laki nne:
mbili za ile mara ya kwanza,
mbili za ile ya pili.