Tundu la Kitanzi

Baba alipokuwa na msitu, alikuwa na waya.
Mita ishirini za shaba kati ya misonobari miwili,
zimekatwa katikati, kihami cha kaure kikiziba pengo.
Hapo katikati mkondo uliingia umeshiba,
ukakimbia hadi ncha, ukakuta hakuna njia,
ukarudi.
Kwenda, kurudi, mara milioni saba kwa sekunde.
“Umeme unaotiririka bila kubadili nia
hautoki nje ya waya,” alisema juu ya ngazi.
“Ni ule unaokwenda na kujuta
ndio unaoitikisa anga.”
Nilikuwa na miaka tisa. Nilishika ngazi.
Theluji ilikuwa imejaa viatuni.

Waya ule ulisema kwa mbavu, si kwa vidole.
Ulinyooshwa kaskazini kusini,
basi sauti ikatoka mashariki na magharibi;
aliyekaa kwenye mstari wa ncha zake
aliambulia mnong’ono, au patupu.

Mwingine ulikuwa mrefu, mita mia mbili na ushei,
umelazwa juu ya vigingi, kimo cha kiuno,
ukivuka kinamasi kilichoganda.
Huo haukujua kusema. Ulisikiliza tu,
upande ulikoelekea, kama mbwa aliyenyoosha shingo.
Usiku mmoja wa Januari ulituletea Japani:
nukta, vistari, na mtu asiyeonekana
akiuliza hali ya hewa ya Kuhmo.
Digrii thelathini chini ya sifuri, baba akajibu.
Asubuhi kulungu akaukata kwa pembe.

Sasa baba ana balkoni.
Ghorofa ya tatu, Kajaani, na karatasi mlangoni:
wapangaji wasitundike waya wowote nje.
Karatasi haikutaja bomba.
Akakunja bomba la shaba likawa duara,
kipenyo mita moja, ukilihesabu vizuri,
na juu yake kapasita ya kuzungusha kwa mkono.
Wati kumi tu, na kapasita hubeba volti zaidi ya elfu;
mwanangu haruhusiwi kukaribia.
Kidude chenyewe kina kiburi:
sogeza masafa unywele mmoja, kinanuna
mpaka ukibembeleze upya.

Na kina tabia yake nyingine.
Kitanzi kidogo husikia kwa ukingo.
Mwelekezee mtu tundu, umtazame katikati ya duara
kama picha ndani ya fremu,
na hapo hapo ndipo anapotoweka.

Februari ikaja kelele. Mngurumo mkavu,
saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku,
ukimeza kila kituo dhaifu.
Baba akazungusha kitanzi kidogo kidogo,
daftari gotini, mpaka mngurumo ukazama.
Kisha akafumba jicho moja, akachungulia tunduni.
Ukuta. Nyuma ya ukuta, Bi Lempi Haverinen
na taa zake za zambarau za kuoteshea miche ya nyanya.

“Nenda ukamwambie,” nikasema.
“Nimwambie nini? Ana miche arobaini.”

Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu.
La baba lilikufa upande mmoja, kwa makusudi.
Miezi mitatu alimtazama jirani yake
kupitia tundu, ili asimsikie,
na Ureno ikaingia safi kutoka ubavuni.

Mei nilikwenda kumtembelea.
Miche ilikuwa imehamia balkoni ya pili,
taa zimezimwa, masafa meupe kama shuka.
Mezani palikuwa na mche mmoja ndani ya kopo la kahawa.
Sikuuliza.
Nikaona kitanzi kimegeuzwa robo ya duara:
ukingo wake, ule unaosikia,
umeelekea ukutani.

“Leo hakuna kitu huko,” nikamwambia.

“Najua,” akasema,
akavaa visikizio.